Mtoto Anayejichafua: Tumsaidie, Tusimwaibishe

HOTUBA YA IJUMAA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo zuri, akamlisha, na akamrahisishia njia ya kutoa kisichofaa kubaki mwilini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, akina baba na akina mama, ninajiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi kumcha Mwenyezi Mungu katika mambo makubwa na madogo, yanayoonekana na yanayofichwa ndani ya nyumba. Na leo tutasema juu ya jambo linalofichwa sana. Ni mtoto aliyekwisha pita umri wa miaka minne, mitano, hata tisa, naye bado anachafua nguo zake kwa haja kubwa. Pengine wengine watasema: Je, hayo ni maneno ya mimbari? Ndiyo. Salman al-Farisi (r.a.) aliulizwa na washirikina kwa dhihaka kama Mtume wao anawafundisha kila kitu, hata namna ya kwenda haja. Naye hakuona haya. Alijibu kwamba ni kweli, anawafundisha. Dini yetu inaingia msalani pamoja na sisi, na inatoka pamoja na sisi.

Ndugu zangu, ninaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha watoto madrasa. Kulikuwa na kijana mdogo wa miaka tisa, mwenye akili nzuri, aliyekuwa akihifadhi upesi kuliko wenzake. Lakini alikuwa ananuka. Watoto walikuwa wakisogea mbali naye kwenye mkeka, wakishika pua. Siku moja nilikasirika, nikamwambia mbele ya wote: toka nje, nenda nyumbani, usirudi hapa na najisi yako. Akatoka akilia. Nilidhani nimelinda tohara ya mahali pa Kurani. Baada ya wiki mbili mama yake alikuja. Hakuja kugombana. Akaniambia: "Mwalimu, baba yake amempiga kila siku, mimi nimemnyima chakula cha jioni, na wewe umemfukuza. Sasa mtoto ananiuliza: Mama, na Mwenyezi Mungu naye hanitaki kwa sababu ya harufu yangu?"

Wallahi, sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaanza kutafuta Mtume (s.a.w.) angefanya nini.

MTUME NA BEDUI MSIKITINI

Na jibu lilikuwa ndani ya hadithi ambayo nimeisoma mara nyingi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.). Bedui mmoja aliingia msikiti wa Mtume, akasimama pembeni na kukojoa humo humo. Masahaba wakainuka kwa ghadhabu ili wamzuie. Mtume (s.a.w.) akawakataza, akawaambia wamwache amalize, wasimkatishe. Alipomaliza, akaagiza ndoo ya maji ikamwagwa mahali pale. Kisha akamwita yule mtu akamfahamisha kwa upole kwamba misikiti haikujengwa kwa ajili ya uchafu, bali kwa kumtaja Mungu, kwa sala na kwa kusoma Kurani.

Angalieni mpango wa Mtume, ndugu zangu. Kwanza hakumtisha. Pili akasafisha. Tatu akafundisha. Wanazuoni wamesema kwamba katika hekima ya kutomkatisha ni kuwa kujizuia ghafula kungemdhuru mwilini. Na huyo alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, tena ndani ya msikiti wa Mtume! Sisi tunapindua mpango huo juu ya mtoto. Tunaanza na kutisha, kisha tunamwachia asafishe mwenyewe huku tunamtukana, na kufundisha hatufikii kabisa.

Tena Mtume (s.a.w.) aliletewa mtoto mchanga wa Ummu Qays, akampakata, mtoto akamkojolea nguoni. Hakumtupa, hakumkemea mama. Aliagiza maji akainyunyizia nguo yake. Na Anas alimtumikia miaka kumi tangu utotoni, akashuhudia kwamba hakuwahi kusikia kwake hata neno dogo la kuchoshwa.

MTOTO HAFANYI KWA UKAIDI

Baada ya maneno ya yule mama, tulikwenda pamoja naye kwenye kituo cha afya. Munganga alimlaza mtoto, akambonyeza tumbo polepole upande wa kushoto chini. Lilikuwa gumu kama muhogo. Akatueleza jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, nami ninalileta kwenu kama amana.

Katika watoto wanaojichafua baada ya kupita umri wa miaka minne, wengi, zaidi ya 8 katika 10, shida yao ni kufunga choo. Mtu atauliza: anafunga choo vipi, nami naona nguo zake zimechafuka kila siku? Sikilizeni. Siku moja mtoto alipata haja ngumu ikamuumiza, pengine ikampasua kidogo na damu ikatoka. Akaogopa. Mara ya pili haja ilipokuja, akabana miguu akaizuia. Ikakaa ndani, ikakauka, ikawa ngumu zaidi, na kuitoa kukauma zaidi. Hivyo siku baada ya siku haja inarundikana kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo, na sehemu ile inapanuka kama mfuko uliojazwa kupita kiasi. Mfuko ukipanuka hivyo, hisia inapotea. Mtoto haisikii tena haja inapokuja. Kisha ile laini inayotoka juu inapita pembeni mwa ile ngumu na kuvuja nguoni bila yeye kujua.

Basi unapomwambia: "Kwa nini hukusema kama unataka kwenda?", naye anajibu: "Sikusikia", hasemi uongo. Ni kweli hakusikia. Hata harufu yake mwenyewe ameizoea kama mtu wa jikoni anavyozoea moshi. Na wewe unayeona uchafu laini ukadhani ni kuhara, ukampa dawa ya kufunga tumbo, umeongeza mzigo juu ya mzigo.

Wako wanaosema: lakini Mtume ameruhusu kumwadhibu mtoto wa miaka kumi. Ndugu yangu, hadithi ile inasema juu ya sala, baada ya miaka mitatu ya kumfundisha kwa wema tangu akiwa na miaka saba, tena kwa masharti yanayojulikana. Haikuja kwa mtoto ambaye mwili wake umeshindwa. Tena Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kalamu ya kuandika makosa imeinuliwa kwa mtoto mpaka abalehe. Ikiwa malaika hawakuandika kosa, wewe unaandika kwa fimbo juu ya mgongo wake kwa idhini ya nani?

Na fimbo haiponyi. Mtoto anayepigwa anaogopa zaidi, anayeogopa anabana zaidi, anayebana anafunga choo zaidi. Ataanza kuficha nguo chafu chini ya kitanda na nyuma ya nyumba, na atajifunza kusema uongo. Utakuwa umeongeza maradhi ya pili juu ya lile la kwanza.

MAMBO YANAYOLETA SHIDA HII

Kila mzazi atazame nyumba yake. Wako watoto wanaoogopa shimo la choo. Shimo ni pana, mbao zinatikisika, usiku hakuna taa, na amesikia habari ya mtoto aliyetumbukia. Wako wanaojizuia kutwa nzima kwa sababu choo cha masomo ni kichafu au hakina mlango, na wenzao wanachungulia. Yule kijana wangu hivyo ndivyo ilivyoanza. Alikuwa akibana tangu asubuhi mpaka anaporudi nyumbani, kwa miezi mingi. Wako wanaokula ugali wa muhogo asubuhi na jioni bila mboga ya kutosha wala matunda, na maji wanakunywa machache. Wako waliolazimishwa mapema mno kuacha kuvaa vitambaa, wakatishwa wakiwa wadogo.

Na wako wengine, ndugu zangu, ambao walikuwa wamekwisha kuwa safi, kisha ghafula wakarudi nyuma. Huyo usimuulize kwa ukali. Pengine amepotewa na baba au mama, pengine amezaliwa mdogo wake akaona amesahauliwa. Sisi katika nchi hii tumekuwa na vita tangu mwaka 1996, na watoto wengi wamekimbia usiku, wameona yasiyofaa kuonekana. Na mara nyingine mtu mzima amemtendea mtoto ovu mwilini, naye hana ulimi wa kulisema. Mtoto aliyebadilika ghafula, mkae naye peke yake kwa upole, mwulize, na akikuambia jambo, mwamini, mlinde na umpeleke kwa munganga bila kukawia. Kumficha mdhalimu si sitara. Ni kumsaidia katika dhuluma.

TUFANYE NINI

Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameteremsha na dawa yake. Haya ndiyo tuliyofundishwa na waganga, nayo hayapingani na mafundisho ya Mtume wetu.

Kwanza, mpeleke kituo cha afya apimwe. Haja iliyorundikana lazima itolewe kwanza, na hiyo hufanywa kwa dawa ya kulainisha, ambayo munganga anaipima kulingana na umri na uzito. Baada ya tumbo kusafika, dawa haisimamishwi siku hiyo hiyo. Inaendelea kwa miezi, ili ule mfuko uliopanuka urudi hali yake na hisia irudi. Wengi wanaharibu hapa. Wanaona wiki mbili nzuri, wanaacha dawa, shida inarudi, kisha wanasema dawa haina kazi.

Pili, acheni ile desturi ya kumtia mtoto maji ya pilipili, tangawizi au majani makali kwa njia ya nyuma kwa mpira. Najua ni desturi yetu tangu kwa bibi zetu. Lakini inachoma, inaweza kujeruhi utumbo, na inamfundisha mtoto kwamba sehemu ile ni mahali pa maumivu. Naye dawa yake ni kuacha kuogopa.

Tatu, mpatie saa ya kukaa chooni. Baada ya kula, tumbo lenyewe linaamsha haja. Basi dakika chache baada ya chakula cha asubuhi na cha jioni, akae chooni dakika 5 mpaka 10 bila kuharakishwa, hata kama hatoi kitu. Miguu yake ikanyage mahali imara. Akichuchumaa, mbao ziwe madhubuti na shimo liwe dogo kwa kadiri yake. Mdogo anayeogopa shimo, mpe kipoo, kisha mimina choo chake shimoni, maana kinyesi cha mtoto nacho kinabeba kolera na minyoo. Baba, usimtume peke yake gizani. Msindikize na taa, simama mlangoni, msemeshe.

Nne, chakula na maji. Hatuhitaji vitu vya duka la gharama. Maharagi, sombe, lengalenga, paipai, embe, machungwa, vyote viko sokoni kwetu. Na maji safi ya kunywa mara nyingi kwa siku.

Tano, msifu. Usingoje siku ya kutochafua nguo hata mara moja ndipo umsifu. Msifu kwa kukaa chooni, msifu kwa kukuambia ukweli kwamba amejichafua. Akijichafua, msaidie kuoga na kufua kwa sauti ya kawaida, bila hotuba ndefu. Anaweza kusaidia kuloweka nguo yake, lakini iwe mafundisho, isiwe adhabu.

Sita, subira. Njia hii ni ya miezi, pengine ya mwaka na zaidi. Atapanda na kuteleza. Mwenyezi Mungu yuko pamoja na wanaosubiri.

Lakini kuna dalili ambazo hazingoji. Tumbo likivimba na mtoto akatapika, akipungua uzito, akitoa damu nyingi, akiwa na homa, miguu ikilegea, au kama tangu kuzaliwa alichelewa siku mbili au zaidi kutoa choo cha kwanza, mpeleke hospitali upesi. Na mtoto anayefunga choo mara nyingine pia anakojoa kitandani au anaumwa mkojo. Mwambie munganga yote, usione haya.

KUMFUNDISHA TOHARA

Mwenyezi Mungu amewasifu katika Sura Tawba watu waliopenda kujitakasa, na wafasiri wamesema ni watu wa Quba, waliokuwa wakijisafisha kwa maji. Basi mtoto naye apende tohara, asiichukie. Mfundishe kwa kumwonyesha: kuingia msalani kwa mguu wa kushoto pamoja na dua, na kutoka kwa mguu wa kulia huku akiomba msamaha. Kujisafisha kwa mkono wa kushoto na maji mpaka ahakikishe kwamba najisi imeondoka. Msichana ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu usiingie kwenye njia ya mkojo. Kisha wote waoshe mikono kwa sabuni, na sabuni ikikosekana, kwa majivu na maji. Kopo la msalani liwe na maji daima. Mtoto akikuta kopo tupu kisha akatoka hivyo hivyo, mwenye kosa ni nani?

Akina mama wanauliza juu ya nguo. Nguo iliyoingia najisi ioshwe mpaka najisi na harufu vitoke. Ikibaki alama ya rangi baada ya kujitahidi, wanazuoni wamesema hiyo imesamehewa. Msijitese kwa wasiwasi, na msimtese mtoto kwa wasiwasi wenu. Msikiti lazima ulindwe na najisi, hilo halina shaka. Basi mzazi ahakikishe mtoto amekwenda haja, ametahirika na amevaa nguo safi kabla ya kumleta. Na siku hali yake si nzuri, asali nyumbani pamoja na mama yake, na aambiwe kwa upendo kwamba sala yake nyumbani inamfikia Mola wake.

Walimu wa madrasa na wa masomo, ninasema nanyi kwa sababu mimi nimeanguka humo. Mtoto akiomba ruhusa kwenda haja, mruhusuni. Anayenuka, mwite pembeni peke yake, mpe maji na sabuni na kitambaa, umwarifu mzazi wake kwa siri. Choo cha madrasa kiwe na mlango, maji na usafi, maana aibu ya choo kibovu ni yetu sisi wakubwa. Na nyumbani, ndugu zake wasimpe jina la uchafu. Anayesitiri aibu ya Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri siku ya Kiyama, na mtoto wako ni wa kwanza kustahili sitara yako.

HOTUBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu zangu, mtaniuliza habari ya yule kijana. Nilikwenda nyumbani kwao, nikaketi mbele yake na baba yake, nikamwomba msamaha. Nilimwambia kwamba Mwenyezi Mungu hajamchukia hata siku moja, na kwamba aliyekosea ni mwalimu. Alinitazama kwa muda mrefu, akauliza: "Hata nikijichafua tena?" Nikamwambia: hata ukijichafua tena, utaoga, utarudi. Alijichafua tena, mara nyingi. Dawa aliinywa kwa miezi minane, baba yake akamtengenezea choo kwa mbao mpya, na mama yake alikuwa akimngoja mlangoni kila asubuhi. Alipomaliza mwaka, watoto waliofika wapya hawakujua kwamba alikuwa na shida. Alhamdulillahi.

Lakini zile wiki mbili aliposhinda nyumbani akidhani Mola wake hamtaki, mimi sina maji ya kuziosha. Ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe. Na ninawaomba ninyi msiingie mahali nilipoingia. Leo mkirudi nyumbani, aliye na mtoto wa namna hii asianze na fimbo wala na maneno. Aanze na ndoo ya maji, kama alivyoanza Mtume (s.a.w.). Kisha amkumbatie. Kisha kesho ampeleke kwa munganga.

Ewe Mola wetu, turehemu sisi na watoto wetu. Ewe Mola, waponye watoto wetu maradhi yanayojulikana na yaliyofichika. Uwape wazazi subira na walimu huruma. Utusitiri aibu zetu kama ulivyotusitiri mpaka leo. Uwasamehe waliotangulia katika imani, na uilinde nchi yetu ipate amani, watoto walale bila hofu.

Enyi waja wa Mungu, Mwenyezi Mungu anatuamrisha uadilifu na wema na kuwapa jamaa wa karibu haki zao. Mkumbukeni Naye atawakumbuka. Simameni tusali.

Wabillahi taufiki.

(Tafadhali ukisha kusoma karatasi hii, mpe jirani asiyekuja msikitini. Usiitupe mahali pa uchafu, maana ina majina matukufu.)